Mbolea ya Maji Kwenye Gunia: Inaweza Nini, Haiwezi Nini

Kilimo cha magunia kilishika kasi Kibera, Nairobi, mwaka 2008 baada ya ghasia za uchaguzi, shirika la Kifaransa la Solidarités lilipowapa wakazi miche na mafunzo. Ujenzi wa gunia ni rahisi. Kopo lisilo na kitako huwekwa katikati na kujazwa kokoto, udongo uliochanganywa na samadi huzungushwa pembeni, kisha kopo huvutwa juu na kujazwa tena hadi gunia lijae. Miche hupandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni.

Miezi ya mwanzo sukuma wiki hustawi. Baadaye majani ya chini hugeuka manjano na mapya hutoka madogo. Hiyo ni njaa ya nitrojeni: mmea unaivuta kutoka majani makongwe kulisha machanga. Udongo ni kidogo, mizizi ni mingi, na maji humwagwa karibu kila siku. Nitrojeni iliyo katika umbo la naitreti haishikwi na udongo, kwa kuwa vyote viwili vina chaji hasi, hivyo huteremka na maji na kutokea chini. Ndiyo maana mbolea ya gunia hutakiwa kidogo kidogo, mara kwa mara, na hapo mbolea ya maji inafaa.

Malighafi nzuri ni alizeti mwitu, Tithonia diversifolia, yenye maua ya manjano kando ya barabara nyingi za Afrika Mashariki. Utafiti wa magharibi mwa Kenya uliikuta na takriban asilimia 3.5 ya nitrojeni na asilimia 4 ya potasiamu katika majani makavu. Fosforasi haifiki hata nusu asilimia.

Majani na vikonyo laini hukatwakatwa, vikajaza nusu ya ndoo ya lita 20 au zaidi kidogo, maji yakaongezwa na ndoo ikafunikwa. Hukorogwa kila baada ya siku mbili tatu kwa wiki 2 hadi 3. Vijidudu huvunja protini za majani, na nitrojeni hutoka ikiwa amonia iliyoyeyuka. Mfuniko unazuia amonia isipotee hewani. Kwa sababu hiyohiyo, wanaotia majivu ndani ya ndoo hujipunja: majivu hupandisha pH, amonia ikageuka gesi na kupaa. Majivu yatiwe kwenye udongo, siku nyingine.

Kabla ya kumwagilia, sehemu 1 ya mbolea huchanganywa na maji sehemu 3 hivi, mpaka rangi iwe ya chai ya rangi nyepesi. Mimina polepole kwenye udongo uliokwisha kulowa. Ukiimwaga yote kwa pamoja juu ya kokoto, itakimbilia chini na kuiruka miche ya juu.

Sasa tupige hesabu. Tukichukua kwamba moja ya tano ya jani bichi ndiyo inayobaki likikauka, kilo 5 za majani zina gramu 35 za nitrojeni, sawa na gramu 135 za CAN, mbolea ya dukani, yenye asilimia 26 ya nitrojeni. Na hiyo ni kabla ya kutoa inayobaki kwenye makapi. Hicho ni kionjo kizuri kwa sukuma wiki na mchicha kila wiki moja au mbili, lakini hakiwezi kubeba gunia zima msimu mzima. Nyanya zinahitaji tahadhari zaidi: nitrojeni ikizidi, hujaa majani na kuchelewa kuzaa.

Wengine hutumia samadi mbichi iliyofungwa kwenye kigunia na kuning'inizwa ndani ya pipa. Inafanya kazi, ila inaweza kubeba vimelea vya magonjwa, na kuiloweka hakuviui vyote. Kanuni za kilimo hai za Marekani hudai siku 120 kati ya samadi mbichi na mavuno ya zao linalogusa udongo. Mchicha hauwezi kungoja hivyo. Kwa mboga za majani, hasa dhania na saladi zinazoliwa mbichi, tumia mbolea ya majani matupu, na usiinyunyizie juu ya mboga.

Kwa hiyo anza na udongo wenye mboji au samadi iliyoiva vizuri, kisha mbolea ya maji iongezee. Makapi ya ndoo yarudishe kwenye shimo la mboji: bado yana chakula ambacho maji hayakukichukua.