Bata Mzinga na Mshahara

Katika vitabu vya Kiingereza vihimizavyo huruma kwa maskini, ni vichache vilivyoenea kama hadithi ndogo ya Charles Dickens iitwayo A Christmas Carol. Ilipigwa chapa London tarehe 19 Desemba 1843, na nakala 6,000 za kwanza ziliuzwa zote kabla ya sikukuu kufika. Tangu siku hizo haijakoma kusomwa. Basi yafaa tuulize: kitabu hiki chamfundisha Mkristo nini juu ya wajibu wake kwa mhitaji, nasi twayashika yapi katika mafundisho yake?

Kwa ufupi, habari ni hii. Scrooge ni tajiri bahili. Siku moja kabla ya Krismasi waja watu wawili kuchanga fedha za maskini, naye awauliza kama magereza hayapo tena, na kama nyumba za kazi zimefungwa. Nyumba hizo ziliwekwa kwa ajili ya mafukara. Sheria ya mwaka 1834 ilikusudia kwamba maskini mwenye nguvu asisaidiwe ila humo, na maisha ya ndani yalifanywa magumu makusudi, ili asiingie mtu ila aliyeshindwa kabisa. Usiku huo Scrooge atokewa na mzuka wa Marley, mwenzi wake wa biashara aliyekufa miaka 7 nyuma, amefungwa mnyororo wa funguo, madaftari na visanduku vya fedha. Baadaye wamjia mizuka mingine mitatu, wakimwonyesha yaliyopita, yaliyopo na yatakayokuja, hata kaburi lake mwenyewe. Kulipokucha, moyo wake umegeuka.

Mwandishi aliujua umaskini. Mwaka 1824 baba yake alitiwa katika gereza la Marshalsea kwa sababu ya deni, na Dickens mwenyewe, mtoto wa miaka 12, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu. Kwa hiyo hatuhubirii juu ya ufukara kwa maneno makubwa, bali atuonyesha vitu. Bob Cratchit, karani wa Scrooge, aota moto wa kipande kimoja cha makaa ya mawe. Hana koti la baridi, ila kitambaa cha sufu shingoni. Bata bukini wa sikukuu ameokwa kwa mwoka mikate, naye agawanywa kwa watu wanane. Mwana wao mdogo, Tim, atembea kwa mkongojo. Mtu asomaye hayo hawezi tena kusema kwamba maskini ni neno tu.

Lakini angalia jambo moja ambalo wasomaji wengi hulipita. Cratchit si mwombaji. Ana kazi, naye huifanya. Mshahara wake ni shilingi 15 kwa juma, na kwa fedha hiyo amlisha mke na watoto sita. Njaa ya nyumba yake haikuletwa na uvivu, wala ukame, wala maradhi. Imetoka katika daftari la bwana wake.

Ukimwuliza aliyekisoma kitabu hiki Scrooge alifanya nini alipoongoka, mara atakujibu kwamba alimpelekea Cratchit bata mzinga mkubwa. Ni kweli, na alimpeleka kwa siri, jambo ambalo ni jema. Lakini habari haikuishia hapo. Siku ya pili yake alimwongezea karani mshahara, akamwamuru aongeze moto na kununua makaa. Tena alipokutana na mmoja wa wale wachangishaji, alimnong'oneza kiasi cha fedha, akamweleza kwamba ndani yake yamo malimbikizo mengi ya nyuma. Hapo Scrooge ametambua ya kuwa sehemu ya sadaka yake ni deni. Bata mzinga huliwa siku moja akaisha. Mshahara wa haki hurudi nyumbani kila juma.

Hata hivyo kitabu kina upungufu. Kwanza, nyongeza yenyewe yaja kama fadhili ya bwana aliyeogopa kaburi lake. Cratchit hakufungua kinywa kudai lolote. Je, kama mizuka isingalitokea? Pili, maskini wa Dickens wapendwao ni wapole mno. Tim ni mtoto mwema kupita watoto. Angalikuwa mkaidi na mwenye matusi, je, tungalimlilia? Wamo pia mfagiaji na dobi waliouza vitu walivyoiba katika chumba cha maiti ya Scrooge. Hao nao ni maskini. Lakini kulipokucha, Scrooge hakumtafuta hata mmoja wao, na mwandishi hakumkumbusha. Bwana wetu hakuagiza tupime tabia ya mwenye njaa kabla ya kumpa chakula.

Huenda mtu akasema kwamba mshahara ni mapatano tu, na wajibu wa Mkristo u katika sadaka. Na asome Kumbukumbu la Torati, mlango wa 24, au Waraka wa Yakobo, mlango wa 5, aone jinsi ujira uliozuiliwa unavyohesabiwa kuwa kilio kinachofika kwa Mungu. Wajane, wagonjwa na wazee wasioweza kazi, hao tuwape bila kuhesabu. Lakini aliyetulimia shamba hatumpi sadaka tumpapo fedha yake.

Neno hili halikuandikwa kwa ajili ya matajiri wa London peke yao. Nasi tunao vibarua, watu wapaliliao mashamba yetu na kuvuna mazao yetu. Yuko mtu anayeweka fungu lake kanisani mbele ya wote, na siku ya Krismasi humwita kibarua wake ale wali na nyama. Kumbe ujira wa mavuno haujalipwa bado. Huyo aliyealikwa ashukuru kwa lipi? Amekula fedha yake mwenyewe katika sahani ya mwingine. Wahenga walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Basi, ndugu msomaji, kabla hujachinja kuku wa kumpelekea jirani maskini, fungua kwanza daftari lako, utazame kama jina lake halimo.