Neno "Endelevu" na Malengo ya Mwaka 2030

Mwezi wa Septemba, 2015, nchi 193 za Umoja wa Mataifa zilikubali malengo 17, yenye shabaha 169, ya kutimizwa ifikapo mwaka 2030. Kwa Kiswahili yaitwa Malengo ya Maendeleo Endelevu. Fedha za kazi hiyo hujadiliwa mara nyingi. Jina lenyewe nalo lastahili kupimwa.

Kwa sarufi, jina halina kosa. Kama vile legea huzaa -legevu, na potea huzaa -potevu, ndivyo endelea ilivyozaa -endelevu. Lakini maendeleo nayo yametoka katika kitenzi kicho hicho. Kwa hiyo msikiaji asiyefundishwa apata maana moja mara mbili, yaani kuendelea kunakoendelea. Neno la Kiingereza lililofasiriwa lina asili ya Kilatini yenye maana ya kutegemeza kitu kisianguke. Na ripoti ya tume ya Brundtland, 1987, ililiwekea mpaka: mahitaji ya leo yatimizwe pasipo kuwanyima watakaozaliwa uwezo wa kutimiza yao. Mpaka huo hausikiki katika jina la Kiswahili.

Upungufu huu hauwahusu wanazuoni peke yao. Shabaha moja ya Lengo la 14 ilitaka uvuvi wa kuharibu ukomeshwe ifikapo 2020. Mvuvi wa baruti aweza kupata samaki wengi kwa siku moja, na matumbawe wanamokaa samaki hao yakavunjika. Akiulizwa kama kazi yake yaendelea, atajibu kuwa yaendelea. Jina la lengo halimpingi.

Wako wapendeleao "maendeleo ya kudumu". Hilo lataja urefu wa wakati, walakini halitaji kujizuia. Neno lenye maana hiyo limo katika lugha tangu zamani, nalo ni akiba: kitu kisicholiwa leo kwa ajili ya kesho.

"Endelevu" limekwisha enea shuleni na serikalini, na kuling'oa ni kazi bure. Linalopasa ni kulifafanua, katika kamusi na vitabu vya shule, kwa maneno ya akiba na ya mpaka. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilisema kuwa katika shabaha zilizopimwa, asilimia 17 tu ndizo zilizokuwa njiani kutimizwa. Tafsiri siyo iliyosababisha hayo. Vita na UVIKO-19 vina sehemu kubwa zaidi. Lakini watu wanaotakiwa kujizuia wastahili kuambiwa hivyo kwa lugha yao, waziwazi.