Mabano Hayawezi Kubeba Kesi

Toleo jipya la lile jarida la sheria la kanda yetu mmeshalisoma, na wengi mmeniuliza nitasema nini kuhusu mpangilio wake. Nasema hivi: bodi ya wahariri imekosea. Kufuta tanbihi na kuwalazimisha wanasheria waandike jina na mwaka ndani ya mabano, kisha orodha ya marejeo mwishoni, ni uamuzi unaoing'oa kazi ya kisheria kwenye mizizi yake. Ushahidi umo ndani ya toleo hilohilo.

Mengine yako sawa. Ikisiri ni fupi na zinasema hoja, majina ya waandishi yalifichwa ipasavyo wakati wa upitiaji, vichwa vidogo haviendi zaidi ya ngazi tatu, na makosa ya chapa sikuyaona.

Twendeni kwenye makala ya adhabu ya kifo, pale mwandishi anapoeleza msimamo wa mahakama za Tanzania. Anasema Mahakama Kuu iliona adhabu hiyo inakwenda kinyume na Katiba, kisha yanafuata mabano: (Republic, 1994). Nukta. Aya inaishia hapo, na inayofuata imeshavuka kwenda Afrika Kusini. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akiisoma ataifunga akiamini kwamba hiyo ndiyo sheria ya nchi.

Sivyo, na kila aliyewahi kukaa darasa la sheria ya katiba anajua kwamba sivyo. Jaji Mwalusanya, katika shauri la Jamhuri dhidi ya Mbushuu, aliamua mwaka 1994 kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na ya kumdhalilisha mtu, kinyume na ibara ya 13(6)(d) na (e), na kwamba ibara ya 30(2) haiwezi kuiokoa. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye katika nusu ya kwanza na kumkatalia nusu ya pili: ndiyo, adhabu hii ni ya kikatili na inadhalilisha, lakini ibara ya 30(2) inaihalalisha kwa masilahi ya umma. Uzito wote wa kesi uko katika mgawanyiko huo. Anayeitaja hukumu ya kwanza peke yake amempotosha msomaji, na anayeitaja ya pili peke yake amemficha kwamba hata mahakama ya juu kabisa ya nchi ilikiri ukatili wenyewe.

Mwandishi hakukosa hapa. Mswada wake wa kwanza nimeuona, na chini ya ukurasa ilikuwamo tanbihi safi kabisa: R v Mbushuu alias Dominic Mnyaroje na mwenzake [1994] TLR 146 (Mahakama Kuu), iliyotenguliwa katika Mbushuu na mwenzake v R [1995] TLR 97 (Mahakama ya Rufani). Baada ya hapo kulikuwa na sentensi mbili zinazoeleza walipokubaliana majaji na walipoachana. Maelekezo mapya ya jarida yakamwambia maelezo ya ziada yaingie kwenye matini au yaondoke, na matini isizidi idadi ya maneno iliyowekwa. Maneno yalikuwa yameshajaa. Sentensi mbili zikaondoka, na neno «iliyotenguliwa» likaondoka nazo, kwa sababu mtindo wa mwandishi na mwaka hauna mahali pa kuliweka. Hukumu ya rufaa haikufutwa kabisa. Imo kwenye orodha ya mwisho, chini ya herufi M, kwa jina la Mbushuu. Ile ya Mahakama Kuu iko chini ya herufi R. Hatua mbili za kesi moja zimekaa kurasa mbalimbali kama kazi za waandishi wawili wasiojuana.

Hapo ndipo ninapodai kwamba kosa hili si la urembo. Rejea ya kesi ni sehemu ya hoja yenyewe. Inamwambia msomaji ni mahakama ipi iliyosema, katika ngazi gani, katika ukurasa upi, na kilichoipata kauli hiyo baadaye. Hata umbo la mabano ya mwaka lina kazi. [1993] TLR 22, ya Tanzania Law Reports, ina mabano ya mraba kwa sababu bila mwaka huwezi kuipata juzuu kwenye rafu. (2001) AHRLR 236, ya African Human Rights Law Reports, ina mabano ya duara kwa jinsi mfululizo ule unavyojirejelea. Mwanasheria anayesoma haraka huyachukua yote hayo kwa mtupo mmoja wa jicho. Mpe (DPP, 1993) na umempa kiasi gani? Umempa jina la ofisi ya mwendesha mashtaka, ambayo haikuiandika hukumu, na mwaka ambao hukumu haikutolewa.

Mwaka ndio unaoniudhi kuliko vyote. Shauri hilo la DPP, la Daudi Pete, lile lililoibatilisha sehemu ya kifungu cha 148 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kuhusu dhamana, liliamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1991. Limechapishwa katika TLR ya 1993. Katika mtindo wa mabano, 1991 inapotea. Kwa shauri la Ephrahim na Holaria Pastory hali ni mbaya zaidi. Jaji Mwalusanya huyohuyo aliamua mwaka 1990 kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo kama mwanamume, na wasomaji wengi wa nje ya Tanzania huipata hukumu hiyo katika mkusanyiko wa Afrika wa 2001, ile AHRLR niliyoitaja. Toleo hili limeandika (Ephrahim, 2001). Kumbukeni kwamba haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984, na mahakama zikaweza kuzisimamia kuanzia 1988 tu. Jaji aliyeamua hivyo mwaka 1990 alikuwa anafungua njia ambayo haijakanyagwa, miaka miwili tu baada ya mlango kufunguliwa. Aliyeamua mwaka 2001 angekuwa anafuata. Jarida limemnyang'anya Jaji miaka kumi na moja ya ujasiri wake, na limeiita kazi yake kwa jina la Ephrahim, aliyeshindwa katika hoja hiyo.

Kuhusu mwandishi, nani ameiandika kesi? Katika jinai upande mmoja mara nyingi ni Jamhuri, kwa hiyo makala moja ya jinai ina (Republic, 1994a), (Republic, 1994b), hadi herufi ziishe. Kwa Wakenya, hukumu ya Mahakama ya Juu kuhusu BBI, mpango wa kurekebisha Katiba, yenye rejea ya [2022] KESC 8 (KLR), inageuka kuwa (Attorney-General, 2022), kana kwamba Mwanasheria Mkuu ndiye aliyekaa kitini na si majaji saba aliokuja kuwaomba. Rejea ile ya KESC ilitengenezwa makusudi ili msomaji aliye Mombasa, Kampala au Toronto aifikie hukumu bila kumtegemea mchapishaji yeyote. Uingereza ilianza na mfumo wa namna hiyo mwaka 2001. Sisi tumeupata, na jarida limeufuta.

Nimeambiwa kwamba huu ndio utaratibu wa kimataifa. Historia yake inajulikana. Kuweka jina na mwaka ndani ya mabano hunasibishwa na Edward Laurens Mark, mwanazuolojia wa Harvard, katika makala yake ya mwaka 1881 kuhusu konokono asiye na gamba. Mtindo wa APA ulianza mwaka 1929 kama mwongozo wa kurasa saba kwa wanasaikolojia. Ni mitindo mizuri kwa kazi zake: mwanasayansi anataka kujua ni nani alipima na lini, kwa sababu kipimo kipya hukichakaza cha zamani. Sheria haiendi hivyo. Hukumu ya 1934 inaweza kutufunga leo na makala ya mwaka jana isimfunge mtu. Na hao wenye APA wanalijua hilo, maana toleo lao la saba la 2019 limetenga sura ya 11 kwa marejeo ya kisheria, na humo wanaufuata Bluebook, mwongozo wa wanasheria wa Marekani. Bodi yetu imechukua mtindo wa wanasaikolojia na kuutumia pale ambapo wanasaikolojia wenyewe waliona haufai.

Sababu ya kweli iko kwingine, na nimeisema katika safu hii hadi nimechosha watu. Kamati za kupandisha vyeo katika vyuo vyetu zimejaa watu wa fani nyingine, wanaotaka kuona orodha ndefu mwishoni ili waihesabu. Hifadhidata nazo hupenda orodha. Basi wapeni orodha! OSCOLA, mtindo wa marejeo ya kisheria ulioanzishwa Oxford na Peter Birks mwaka 2000, una jedwali la kesi, jedwali la sheria na orodha ya vitabu kwa kazi ndefu, na tanbihi zinabaki mahali pake. Aliyesema kwamba programu za marejeo haziwezi tanbihi za kisheria hajaifungua Zotero, kwa sababu mtindo wa OSCOLA umo humo.

Sitetei kila tanbihi. Tanbihi za Afrika Mashariki zina magonjwa yake na nimepigana nayo muda mrefu. Kuna wanaoandika «ibid» kwa mkono. Mpitiaji anaomba kesi moja iongezwe katikati, na ghafla «ibid» inaelekeza kwenye kesi nyingine kabisa. Kuna wanaotaja kitabu kizima cha kurasa mia tano bila ukurasa. Kuna wanaoweka anwani ya mtandao na tarehe ya kuitembelea chini ya kesi iliyomo ndani ya TLR tangu wakiwa wadogo. Na kuna wanaoandika tanbihi ndefu kuliko matini, wakificha humo hoja wasiyoweza kuisimamisha hadharani. Dawa ya hayo ni mhariri mkali anayekaa na mswada na kuisoma tanbihi moja moja huku ripoti imefunguliwa mezani. Kazi hiyo ni nzito, hailipwi, na nadhani ndiyo iliyokimbiwa.

Waliotutangulia hawakuikimbia. Fungueni Public Law and Political Change in Kenya ya Ghai na McAuslan, ya mwaka 1970, mwone jinsi kila kauli inavyosimama juu ya sheria au hukumu iliyotajwa kwa usahihi. Fungueni kitabu cha James na Fimbo cha 1973 kuhusu sheria za mila za ardhi Tanzania, kilichotengenezwa wakati hukumu nyingi zilikuwa karatasi za kupigwa chapa kwenye masjala za mahakama. Fungueni mkusanyiko wa Chris Maina Peter wa 1997 kuhusu haki za binadamu Tanzania. Watu hao hawakuwa na TanzLII wala Kenya Law, hawakuwa na programu ya kupanga marejeo, na rejea zao zinashika hadi leo. Eastern Africa Law Review ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1968 na tanbihi zake, na hakuna aliyelalamika kwamba haieleweki nje.

Na Mbushuu yenyewe ilieleweka nje. Mwaka 1995, Jaji Chaskalson wa Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika shauri la Makwanyane lililoiondoa adhabu ya kifo nchini humo, aliichambua hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania: ukatili uliokiriwa, uhalali uliobakizwa. Aliyeko Johannesburg aliweza kuona hatua zote mbili za kesi yetu. Msomaji wa jarida letu, mwaka huu, hawezi.

Kuna jambo bodi italazimika kulitatua kabla ya toleo lijalo, itake isitake. Toleo la urekebu la sheria za Tanzania la 2023 lilianza kutumika Julai 2025, na namba za vifungu katika baadhi ya sheria zimesogea. Hukumu zote za zamani zinataja namba za zamani. Mwandishi anayejadili dhamana leo analazimika kumwambia msomaji kwamba kifungu kilichozungumzwa na majaji wa Daudi Pete kilikuwa cha 148 wakati huo, katika toleo lipi la Sura ya 20, na sasa kinasomwa wapi. Rejea hiyo inahitaji mstari mzima, wakati mwingine miwili. Mwenye mswada tayari aniamini: aitunze nakala yake yenye tanbihi, na akiambiwa afute, ajibu kwa barua akitaja kesi ya Mbushuu kwa kurasa zake, 146 na 97.