Namna Kufuli Kuu la Linux Lilivyong'olewa

Linux 2.0 ilipotoka Juni 1996, kwa mara ya kwanza toleo rasmi la mfumo huo liliweza kuendesha kompyuta yenye prosesa zaidi ya moja. Kazi hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na Alan Cox, na njia aliyoichagua ilikuwa ya salama na ya haraka: kufuli moja kwa kerneli nzima, yaani kiini cha mfumo. Prosesa iliyotaka kuingia ndani ya kerneli, iwe kusoma diski, kufungua bandari ya modemu au kupandisha sauti ya kadi ya muziki, ililishika kufuli hilo kwanza. Nyingine zilisubiri. Likaitwa Kufuli Kuu la Kerneli, na halikutoka kabisa hadi toleo la 2.6.39, Mei 2011.

Karibu miaka 15, basi, kuondoa kitu ambacho msimbo wake wenyewe ni kurasa chache tu. Mtandao na usimamizi wa kumbukumbu vilijitenga mapema. Matoleo ya 2.2 na 2.4 yalivipa makufuli yao madogomadogo, kwa kuwa huko ndiko wenye seva kubwa walikolalamikia kasi. Vilivyobaki nyuma ni viendeshi, yaani zile programu zinazoiwezesha kerneli kuongea na kifaa fulani. Sehemu kubwa ya msimbo wa Linux ni viendeshi. Vingi viliandikwa na mtu mmoja kwa ajili ya kifaa kimoja, mtu huyo akahamia kazi nyingine, kifaa kikaacha kuuzwa, na msimbo ukaendelea kufanya kazi kwa vile hakuna aliyeugusa.

Ugumu wenyewe ulikuwa huu: hakuna aliyejua kufuli lile lilikuwa linalinda nini. Kufuli la kawaida huwa na mali yake, kama vile orodha hii, kihesabu kile, au rejista za kadi ile. Ukilisoma jina lake unajua ukiligusa utaharibu nini. Kufuli Kuu halikulinda data yoyote mahususi. Lililinda mapito ya msimbo. Tena mwandishi wa kiendeshi hakulishika kwa mkono wake. Kerneli ililishika kwa niaba yake kabla ya kuiita funksheni yake, ikaliachia baada ya funksheni kumaliza. Ukifungua faili la kiendeshi huoni dalili yoyote ya kufuli, na bado usalama wake wote umelitegemea.

Juu ya hapo lilikuwa na tabia mbili ambazo makufuli mengine hayana. Fikiria nyumba ya kupanga yenye ufunguo mmoja wa vyumba vyote. Aliyeushika anaweza kuingia chumba ndani ya chumba bila kuuomba upya. Na akisinzia humo ndani, ufunguo unarudi wenyewe kwenye msumari ukutani, mwingine auchukue, kisha aliyesinzia akiamka anaungoja urudi mkononi mwake kabla ya kuendelea. Kufuli Kuu lilifanya hivyo hasa. Mchakato uliolishika uliweza kulishika tena bila kujifungia, na kila mchakato ulipolala kusubiri kifaa, kipanga ratiba cha kerneli kililiachia kimyakimya na kulirudisha ulipoamka. Kwa hiyo kiendeshi kilichodhani kimelindwa mwanzo hadi mwisho, kwa kweli kilikuwa na tundu kila pale kiliposubiri. Wengi waliandika viendeshi wasijue kwamba tundu hilo lipo, na wengine, bila kujua vilevile, wakalitegemea ili programu zao zisikwame.

Kulikuwa na somo la awali kuhusu hatari ya kung'oa ulinzi wa jumla kwa mkupuo. Hapo zamani kiendeshi kilichotaka kujikinga dhidi ya intarapti, yaani ile ishara ya kifaa inayomkatiza prosesa kazi yake, kiliita cli() na intarapti zikazimwa kwenye prosesa zote. Julai 2002, katika toleo la majaribio 2.5.28, Ingo Molnar aliiondoa njia hiyo. Viendeshi chungu nzima vikaacha hata kujengeka kwenye mashine zenye prosesa nyingi, na ikabidi kila kimoja kipewe kufuli lake dogo linalozima intarapti za prosesa moja tu wakati limeshikwa. Uamuzi ulikuwa sahihi, lakini maumivu yalikuwa makubwa, na sishangai kwamba Kufuli Kuu lilishughulikiwa kwa mwendo mwingine.

Mwendo huo ulikuwa kulishusha. Badala ya kulitoa, walilisogeza ngazi kwa ngazi kuelekea kwa yule anayeijua kazi. Katika toleo la 2.6.11, Machi 2005, viendeshi vilipewa mlango mpya wa kupokea amri za kifaa, ulioitwa unlocked_ioctl. Mlango wa zamani uliendelea kuitwa huku kufuli limeshikwa. Huu mpya uliitwa bila kufuli. Aliyetaka kuhama alichukua mistari miwili ya kushika na kuachia, akaiweka ndani ya funksheni yake mwenyewe, akabadilisha jina la mlango. Tabia ya programu haikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni kwamba sasa kufuli lilionekana kwenye faili la kiendeshi, mbele ya macho ya mtu anayeweza kujiuliza kama linahitajika.

Naiona hatua hii kuwa ndiyo uti wa mgongo wa kazi yote, ingawa haina mvuto. Haikurekebisha kosa hata moja. Ilihamisha tu swali kutoka mahali ambapo hakuna wa kulijibu hadi mahali penye mtu.

Mwaka 2008 kazi ya kuling'oa kufuli ikapata msukumo usiotarajiwa. Wakati huo Kufuli Kuu lilikuwa limejengwa juu ya aina ya kufuli inayomruhusu anayesubiri kulala. Msingi huo ulipoandikwa upya kwa ajili ya toleo la 2.6.26, kipimo kimoja cha kasi kinachoitwa AIM7 kilionyesha mporomoko wa karibu asilimia 40. Linus Torvalds aliamua Kufuli Kuu lirudi kuwa la kuzungukia, lile ambalo anayelisubiri hazimi wala halali, anazunguka papo hapo akiuliza limeachiwa au bado. Kasi ikarudi, ila waliojali mashine kuitikia haraka wakapoteza walichokuwa wamepata. Ingo Molnar akaanzisha tawi la pembeni la kerneli lenye lengo moja, kulimaliza kufuli hilo. Jambo la kwanza alilofanya humo lilikuwa kulivua ile tabia ya kujiachia na kulifanya myuteksi, yaani kufuli lenye mwenyewe mmoja, lisiloachiwa usingizini.

Sababu ilikuwa chombo alichokuwa amekiandika miaka miwili kabla, akisaidiana na Arjan van de Ven: lockdep, kilichoingia toleo la 2.6.18 mwaka 2006. Mkwamo wa makufuli hutokea pale mchakato mmoja umeshika A unataka B, na mwingine umeshika B unataka A. Ubaya wake ni kwamba unaweza kukaa mwaka mzima usitokee, kwa kuwa lazima wawili hao wakutane katika sekunde ileile. Lockdep haingoji wakutane. Inayapanga makufuli kwa jamii, kila jamii ikiwa ni makufuli yote yaliyoanzishwa mahali pamoja kwenye msimbo, na inaandika kila mfuatano uliowahi kushuhudiwa. Leo asubuhi njia moja ikishika A kisha B, na jioni njia nyingine kabisa ikashika B kisha A, onyo linatoka, hata kama hakuna kilichokwama. Inafuatilia pia kama kufuli linaloshikwa ndani ya intarapti limewahi kushikwa kwingine huku intarapti ziko wazi. Lakini haikuweza kulisimamia Kufuli Kuu, kwa sababu kufuli linalojiachia lenyewe halina mfuatano wa kuandikwa. Likishakuwa myuteksi, makosa yaliyofichika miaka yote yangeanza kuripotiwa yenyewe.

Jonathan Corbet alichukua upande wa kufungua vifaa. Hadi toleo la 2.6.26, kila mara programu ilipofungua kifaa cha herufi, yaani kile kinachosomwa na kuandikwa kwa mfululizo wa baiti, kerneli ililishika Kufuli Kuu kwanza. Corbet alipitia viendeshi hivyo kimoja kimoja na kulishusha kufuli ndani yake, na toleo la 2.6.27 likatoka bila ulinzi ule wa juu. Hatari aliyoigundua ni ya kukumbukwa na kila anayeandika kiendeshi: kuna viendeshi vilivyojisajili kwenye mfumo kabla ya kumaliza kujiandaa. Mara kifaa kinaposajiliwa, mtu anaweza kukifungua, hata kama mistari mitatu inayofuata ndiyo inayotenga kumbukumbu yake. Tiba ya kosa hilo haihitaji kufuli. Ni kusajili mwisho, basi.

Arnd Bergmann alibeba sehemu iliyobaki, mwaka 2010 na mwanzoni mwa 2011. Kwa viendeshi vyepesi alitumia skripti iliyobadilisha Kufuli Kuu kuwa myuteksi binafsi ya kila kiendeshi. Kwa amri ya kusogeza nafasi ndani ya faili, ambayo nayo ililishika Kufuli Kuu pale kiendeshi kisipoeleza lolote, alitumia Coccinelle, chombo cha Julia Lawall na wenzake kinachotafuta na kubadilisha msimbo kwa kuelewa muundo wake. Mlango wa zamani wa amri ulifutwa katika 2.6.36, na toleo la 2.6.37, Januari 2011, likawa la kwanza kuweza kujengwa bila Kufuli Kuu ndani yake.

Myuteksi zile binafsi zinastahili kutazamwa kwa makini. Zilitatua tatizo la viendeshi kungojana bila sababu, na kwa hilo zilistahili. Lakini ni ujinga uleule uliogawanywa vipande: myuteksi moja kwa kiendeshi kizima, hata kama mashine ina kadi nne za aina hiyo, na hakuna maelezo yanayosema inalinda nini. Aliyekuja baada ya hapo ameachiwa kuanza uchunguzi upya. Naona lilikuwa deni la halali, kwa kuwa bila hilo tungekuwa na Kufuli Kuu hadi leo. Ila ni deni, na anayepokea kiendeshi cha zamani asiitazame myuteksi ya namna hiyo kama usanifu uliofikiriwa.

Mahali ambapo skripti isingeweza kufika ni TTY, tabaka la vituo na bandari za mfuatano, msimbo wenye asili katika miaka ya mwanzo kabisa ya Linux. Chukua programu inayofungua bandari ya modemu. Funksheni inalala kusubiri ishara kwamba upande wa pili umepokea, na kusubiri huko kunaweza kuchukua dakika au siku. Chini ya Kufuli Kuu, kufuli lilijiachia na wengine wakaendelea. Weka myuteksi ya kawaida mahali pake, na kila bandari nyingine itagandishwa na modemu moja isiyojibu, hata ule mchakato ambao ungekuja kuifunga. Ikabidi kufuli jipya la TTY liachiwe kwa mkono kabla ya kila usingizi wa namna hiyo na kushikwa tena baada yake. Mistari hiyo ni ya kuchosha, lakini ndiyo iliyoanika matundu ambayo tangu 1996 yalikuwa hayaonekani. Na kila tundu likishaonekana, lazima uulize: nilipokuwa nimelala, kuna mtu ameibadilisha hali niliyoikagua kabla ya kulala? Jibu likiwa ndiyo, unakagua upya.

Kufuli hilo la TTY bado lilikuwa moja kwa vituo vyote. Mwaka 2012 Alan Cox aliligawa, kila kituo na lake. Jaribio la kwanza lilirudishwa nyuma kabla ya toleo la 3.5 kutoka, na kazi ikakubaliwa katika 3.7, Desemba mwaka huo. Kikwazo kikubwa kilikuwa vituo bandia, vile vinavyotumiwa na dirisha la amri au muunganisho wa SSH, kwa kuwa huja wawili wawili na kumfunga mmoja kunahitaji kufuli la mwenzake pia. Wawili wakianza kufungwa kwa pamoja kutoka pande mbili, ule mkwamo wa A na B umepatikana. Suluhisho lilikuwa kulinganisha anwani za vituo hivyo kwenye kumbukumbu na kumshika kwanza mwenye anwani ndogo, yeyote awaye. Na kwa kuwa makufuli hayo mawili ni ya jamii moja, lockdep ilipaswa kuelezwa ndani ya msimbo kwamba la pili limeshikwa kwa makusudi.