Hongera, Waongozaji wa Watazama Ndege

Kazi yao haina makeke: kuamka kabla ya jogoo, kupanda ukingo wa Manga, hapa Nyamira, umande ukilowesha viatu, kisha kunyamaza na kusikiliza. Oktoba, baridi inapoinyemelea Ulaya, mbayuwayu wa huko hupita juu ya chai na migomba yetu. Lakini wa kuenziwa zaidi ni korongo-taji wa vinamasi vya Nyamira, aliyetangazwa mwaka 2012 kuwa hatarini kutoweka. Mtazame mguuni: kidole cha nyuma ni kirefu, ndiyo maana hutua mtini, jambo linalowashinda korongo wengi. Mwongozaji hodari hukuonyesha hilo, kisha hukuonyesha mikaratusi inayokausha kinamasi anamotagia. Ujuzi huo unastahili malipo mazuri, si asante tupu.