Saa Haina Uraia: Uhakiki wa Skripti ya setregdomain

Mawimbi ya redio yana mipaka kama ardhi. Chaneli ya 13 ya Wi-Fi huruhusiwa Ulaya lakini huepukwa Marekani. Ya 14 ni ya Japani tu. Ndiyo maana kompyuta inapaswa kujua iko nchi gani kabla ya kurusha mawimbi. Linux isipojua, hufuata kanuni za dunia nzima, zenye alama 00, ambazo katika masafa ya gigahezi 5 huiruhusu kusikiliza bila kuanzisha mawasiliano.

Fedora ilijaribu kuondoa kero hiyo kwa skripti fupi, setregdomain. Skripti husoma saa za eneo zilizowekwa kwenye kompyuta, hutafuta nchi yake katika orodha ya zone.tab, kisha huipa kerneli msimbo wa nchi hiyo. Uzuri wake ni kwamba haimsumbui mtu kwa maswali, na aliyekwisha kuandika nchi yake mwenyewe haingiliwi.

Hata hivyo, msingi wake ni dhaifu. Mkazi wa Kampala akichagua saa ya Nairobi hapotezi hata dakika moja, maana saa ni ile ile. Lakini kompyuta yake itafuata kanuni za Kenya ilhali iko Uganda. Msafiri asiyebadili saa yumo katika hali hiyo hiyo. Wala hawaambiwi, ingawa wao ndio wanaorusha mawimbi.

Kukisia si kosa. Kosa ni kukisia kimyakimya. Skripti ingeonyesha nchi iliyoikisia na kuomba ithibitishwe mara moja, ingebaki nyepesi na kuaminika zaidi.