Laüstic: Ndege Mmoja Katika Lugha Tatu

Mwanafunzi wa idara ya Kifaransa anapofikishwa kwenye fasihi ya karne ya 12, mara nyingi hupewa majina mawili ya kushika: Chrétien de Troyes na Marie de France. La pili halimsumbui hata kidogo, kwani lina neno France ndani yake, na mtu hadhani kwamba jina la namna hiyo lahitaji maelezo. Kumbe hapo ndipo usomaji unapoanza kupotoka. Jina hilo halikuandikwa na mama huyo mwenyewe kwa umbo tulijualo leo. Alilitunga msomi Claude Fauchet katika kitabu chake cha mwaka 1581, akitegemea maneno ya Marie mwishoni mwa Ngano zake, ambapo asema kuwa jina lake ni Marie na kwamba yeye ni mtu wa Ufaransa. Wahakiki wengi wamekwisha kuonyesha jambo ambalo msafiri yeyote angelitambua: mtu hajitambulishi kwa nchi yake akiwa nyumbani. Aliyekaa Kasai haoni haja ya kusema kwamba yeye ni wa Kasai. Hulisema hilo akiwa Katanga. Marie aliandika Uingereza, au kwa watu wa Uingereza, kwa Kifaransa cha Kinormani kilichokuwa lugha ya watawala huko tangu vita vya Hastings vya mwaka 1066.

Mswada pekee wenye lai zake zote 12 pamoja na dibaji umehifadhiwa London, katika British Library, kwa alama Harley 978. Ni mswada wa karne ya 13. Ndani yake kuna lai hizo, kuna Ngano, kuna maandishi ya Kilatini, na kuna wimbo mashuhuri wa Kiingereza cha zama za kati wa kukaribisha majira ya joto. Basi kitabu chenyewe kilikusanya lugha tatu chini ya jalada moja. Ni vyuo vikuu vya baadaye vilivyozitenga, Kifaransa kikapewa idara yake, Kiingereza yake, nazo lugha za Kikelti zikasahauliwa isipokuwa mahali pachache: Rennes na Brest kwa Kibretoni, au Cambridge ambako iko idara moja inayofundisha mambo ya Waanglo-Saksoni, ya Wanorse na ya Wakelti kwa pamoja. Programu za vyuo vya Kongo zilirithi utengano huo jinsi ulivyo, bila kuuliza ulitoka wapi.

Hasara ya utengano huo haionekani mahali popote wazi zaidi kuliko katika lai fupi iitwayo Laüstic, yenye mishororo 160 tu. Makabaila wawili wakaa jirani katika nchi ya Saint-Malo. Mmoja ana mke. Wa pili ampenda mke huyo, naye apendwa. Kati ya nyumba zao pana ukuta mrefu, hivyo hawawezi zaidi ya kuonana madirishani na kurushiana vitu. Usiku mke huamka na kusimama dirishani. Mumewe amwuliza kwa nini; ajibu kwamba asikiliza ndege aimbaye usiku, ambaye hakuna furaha duniani ipitayo sauti yake. Mume acheka kwa hasira. Awaamuru watumishi watege mitego, nyavu na ulimbo katika kila mti wa bustani. Ndege anaswa akiwa hai, aletwa chumbani, na mume amvunja shingo mbele ya mkewe kisha amtupia mzoga, damu ikamchafua nguo kifuani. Mwanamke amviringisha ndege katika hariri iliyotariziwa kwa nyuzi za dhahabu na kuandikwa, ampelekea mpenzi wake kwa mkono wa mtumishi. Naye mpenzi aagiza kijisanduku cha dhahabu na vito, amtia ndege humo, na tangu siku hiyo huenda nacho popote aendapo.

Mwalimu wa Kifaransa peke yake atasema mengi ya kweli juu ya kisa hiki. Ataeleza mapenzi ya kiungwana, ataeleza mwanamke aliyeolewa na mume mwenye wivu, ataonyesha kwamba kijisanduku kile chafanana na vile ambamo Kanisa huweka masalio ya watakatifu. Yote hayo yamo. Lakini Marie mwenyewe, kabla hata ya kuanza hadithi, amefanya jambo ambalo mwalimu huyo hulipita upesi: amemtaja ndege kwa lugha tatu. Wabretoni, asema, humwita laüstic. Kwa Kifaransa ni rossignol. Na kwa Kiingereza sahihi ni nihtegale. Tafsiri kadhaa za Kifaransa cha leo huweka juu ya ukurasa jina la Le Rossignol, kana kwamba mtunzi hakulichagua lile la Kibretoni kwa makusudi.

Na neno lenyewe lina mengi ya kumfundisha mwanaisimu. Kwa Kibretoni cha leo ndege huyo ni eostig. Herufi l iliyo mwanzoni mwa laüstic si ya Kibretoni hata kidogo. Ni kibainishi cha Kifaransa kilichojigandisha kwenye neno la kigeni hadi kikahesabiwa kuwa sehemu yake. Msemaji wa Kiswahili cha Kongo hana sababu ya kushangaa. Yeye husema leta kwa maana ya serikali, naye hajui tena kwamba ndani yake mna l'État. Husema lopitalo, na l'hôpital imo nzima. Tofauti ni kwamba hapa Kiswahili ndicho kilichomeza kibainishi pamoja na neno la Kifaransa, ilhali kule ni Kifaransa kilicholivika neno la Kibretoni kibainishi chake. Marie alilisikia neno hilo katika vinywa vya wasemaji wa Kifaransa waliokuwa wamekwisha kulizoea. Maana yake ni kwamba kati yake na waimbaji wa Kibretoni walikuwapo watu wengine, na hadithi ilikuwa imekwisha kuvuka mpaka wa lugha kabla hajaishika kalamu. Hilo halisomeki popote isipokuwa katika herufi ile moja.

Ama upande wa Wakelti, hapa tahadhari yahitajika. Hakuna lai hata moja iliyobaki kwa Kibretoni chenyewe. Waimbaji wale hawakuandika, na aliyewaandikia aliandika kwa lugha nyingine. Pengo hilo limewatia tamaa wasomi wengi. Roger Sherman Loomis, katika kitabu chake cha mwaka 1927 juu ya visasili vya Kikelti na hadithi za Arthur, alifikia hatua ya kuona mungu wa kale wa Ireland nyuma ya karibu kila kabaila mwenye farasi. Huo ni usomaji unaochosha, kwa sababu hausomi tena kitabu bali husoma kivuli cha kitabu kisichokuwapo. Hata hivyo si kila ulinganisho ni wa bure. Katika lai ya Yonec, iliyowekwa Caerwent huko Wales, mwanamke aliyefungiwa mnarani na mume mzee atembelewa na kipanga aingiaye dirishani na kugeuka kuwa mwanamume. Katika hadithi ya Kiayalandi ya maangamizi ya nyumba ya Da Derga, ndege vilevile aingia juu ya paa, avua manyoya yake na kumzalisha mwanamke aliyefungiwa, na mtoto atakayezaliwa ni mfalme Conaire. Dari, ndege, mwanamke aliyefichwa, mtoto aliyetabiriwa: kufanana kwa mambo manne kwa mpango mmoja hakuwezi kuitwa bahati. Tena kunaangaza Laüstic kwa njia ya kinyume. Katika Yonec ndege aja dirishani na ni mpenzi kweli. Katika Laüstic ndege ni kisingizio tu, na mpenzi abaki upande wa pili wa ukuta. Msikilizaji wa wakati ule, aliyezijua hadithi za ndege wa ajabu, aliona ndege wa kawaida akinyongwa, na hakuna aliyegeuka kuwa mtu. Ukatili wa tukio umo katika kukosekana kwa ajabu hiyo. Anayesoma Kifaransa peke yake hawezi kukiona kilichokosekana.

Upande wa Kiingereza ndio husahauliwa zaidi, labda kwa sababu watu hudhani kwamba Kiingereza kilinyamaza kabisa baada ya mwaka 1066. Marie hakudhani hivyo. Ngano zake asema alizitafsiri kutoka Kiingereza, kutoka kitabu anachokihusisha na mfalme Alfred aliyefariki mwaka 899. Kitabu hicho hakijaonekana, lakini maneno kadhaa ya Kiingereza yamebaki katika Kifaransa chake. Nalo nihtegale lina historia yake. Sehemu ya pili yatokana na kitenzi galan, kuimba: ni mwimbaji wa usiku. Katika kitabu cha Exeter, mswada wa mashairi ya Kianglo-Saksoni wa karne ya 10, kimo kitendawili ambamo kiumbe mwenye sauti nyingi ajisifu kuwa mshairi wa jioni awafurahishaye watu majumbani, na wengi hukifumbua kwa ndege huyuhuyu. Kwa Waanglo-Saksoni, basi, ndege huyo alikuwa msanii.

Lakini ushahidi mzito zaidi ni shairi la Kiingereza liitwalo The Owl and the Nightingale, ambapo bundi na ndege wa usiku wabishana kama mawakili barazani. Bundi amtupia mwenzake kashfa: kabaila mmoja mwenye wivu alimnasa ndege wa namna yako kwa ulimbo, kwa kuwa ulimwimbia mkewe mapenzi haramu, akamfanya araruliwe na farasi. Ni kisa kilekile. Na jibu la ndege ni la ajabu: mfalme Henri alisikia, akamfukuza kabaila yule nchini, na ukoo wa ndege ukalipwa fidia ya pauni 100. Shairi lamwombea mfalme huyo rehema kama mtu aliyekufa, na wengi humdhania kuwa Henri wa Pili, aliyetawala 1154 hadi 1189. Ndiye pia ambaye wengi hufikiri kuwa mfalme aliyetunukiwa lai za Marie. Yule mshairi wa Kiingereza alizoea mambo ya sheria, na alikitazama kisa kwa jicho la mtu anayejua kuwa damu iliyomwagwa ina bei yake. Marie hakutaja fidia. Mume wake hapatwi na lolote; atoka chumbani, na hadithi haimtaji tena. Kuyasoma maandiko hayo mawili pamoja ni kuona kwamba kimya cha Marie juu ya adhabu ni uamuzi wa mtunzi, si desturi ya zama zake.

Mfano wa lai ya Chevrefoil utatosha kuonyesha jinsi tamaduni mbili zinavyoweza kuzuiana zisimpoteze msomaji. Tristan akata tawi, alichonga pande nne, aliandika jina lake kwa kisu na kuliweka njiani malkia apite alione. Wapenda Ukelti wamedai kwamba maandishi hayo yalikuwa ogamu, yale ya Ireland yanayochongwa kwenye kingo za mawe. Pande nne za tawi zawapa nguvu. Dai lavutia. Ila mtu aliyesoma pia kitabu cha Exeter akumbuka humo shairi la Ujumbe wa Mume, ambamo kipande cha mti chenye herufi za runi chatumwa na bwana aliye uhamishoni kumwita mwanamke wake. Kumbe mti uliochongwa kwa ajili ya mpenzi aliye mbali si mali ya Wakelti peke yao. Marie, ambaye hapa tena ataja jina la Kiingereza, gotelef, kando ya lile la Kifaransa, aliishi kati ya jamii hizo zote mbili, na andiko lake halilazimishi kuchagua.

Jambo hili linamhusu pia mwanafunzi wa Lubumbashi au Bukavu, ambaye wakati mwingine hupewa hadithi za nyanya yake kama zoezi la kutafsiri kwa Kifaransa, na maneno yasiyotafsirika huambiwa ayaondoe. Amefundishwa kwamba Kifaransa cha vitabu vikubwa ni lugha safi isiyochanganyika. Katika moja ya misingi ya fasihi hiyohiyo amekaa mwanamke aliyeandika nje ya nchi yake, aliyechukua nyimbo za watu wasioandika, na aliyekataa kuondoa neno lao juu ya ukurasa. Je, aliziokoa nyimbo zile au alizizika katika dhahabu kama ndege yule? Wahakiki kadhaa wamekiona kijisanduku kuwa mfano wa kitabu chenyewe, na ni vigumu kuwapinga: hariri ile ina maandishi, na kilichomo ndani hakiimbi tena.

Kozi moja ya saa 30 yatosha kwa maandiko hayo: Laüstic na Yonec kwa Kifaransa chake cha kale, kipande cha Da Derga kwa tafsiri, kitendawili cha Exeter, na mishororo hamsini hivi ya bundi na mwenzake. Walimu wa idara mbili wangelazimika kuingia chumba kimoja cha masomo, na katika vyuo vingi vyumba hivyo vimetenganishwa na ukuta mmoja tu.